Majivu, moto wa mkesha na ratiba ya Kwaresima

Tumsifu Yesu Kristo. Jumatano ya Majivu iliyopita waumini kadhaa waliopakwa majivu waliwashwa kwenye paji la uso, na mtoto mmoja alitoka malengelenge. Tulichoma makuti ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia kama kawaida. Tumekosea wapi?
*Mhudumu wa sakristia, Chake Chake*

Milele amina. Inaelekea majivu yalikorogwa na maji. Majivu yakilowa hutoa magadi, na magadi yakikaa kwenye ngozi yenye jasho huchoma, ya mtoto kwanza. Padre akinyunyiza matone ya maji ya baraka hakuna neno. Hatari ni kuyafanya uji. Yaacheni makavu, au tieni matone mawili matatu ya mafuta ya nazi ili yashike.

Na kuchoma kuna namna yake. Kusanyeni matawi wiki tatu kabla, myaanike mpaka yavunjike mkononi. Ondoeni uti mgumu wa kuti, maana huacha chembe za mkaa zinazokwaruza. Chomeni ndani ya kopo la bati. Moto ukishashika, lifunikeni nusu ili majivu yabaki meusi. Majivu yaliyoungua hadi kuwa meupe ndiyo yenye magadi makali zaidi. Yaacheni yapoe hadi kesho yake, myatwange, kisha myachekeche mara mbili kwa chekeche la unga. Vijiko viwili vya chakula vinatosha watu mia. Meusi hayaonekani sana kwenye ngozi zetu, na hilo lisiwasumbue: alama ile ni ya toba, haikuwekwa ili isomwe barabarani.

Kila Mkesha wa Pasaka mshumaa wetu mkubwa wa Pasaka hukataa kuwaka, au huzimika kabla ya kufika altareni. Kanisa letu liko karibu na pwani, na mara nyingi siku hizo mvua inanyesha.
*Msomaji, Mjini Unguja*

Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, masika yakiwa yamebisha hodi au yameshaingia, kwa hiyo jipangeni kama watu wanaoijua mvua. Moto wa mkesha, ule wa kuuwashia mshumaa, uwasheni kwenye seredani kubwa chini ya kipaa cha mlango. Mkaa peke yake hautoi ndimi za moto. Juu yake wekeni vifuu na makumbi makavu yaliyohifadhiwa ndani tangu Alhamisi Kuu. Mafuta ya taa tunayakataa: yanalipuka, na mavazi ya ibada ni mepesi.

Mshumaa mpya hukataa kuwaka kwa sababu utambi umezama ndani ya nta. Mchana wa Jumamosi uwasheni sakristiani kwa dakika ishirini hivi, mpaka kishimo cha nta kiyeyuke kuzunguka utambi, kisha muuzime. Usiku msiuingize mshumaa wenyewe motoni, utayeyuka ubavuni. Chukueni moto kwa kijiti kirefu.

Kuzimika njiani kuna dawa moja tunayoipenda kuliko zote. Mara moto ukishabarikiwa, mhudumu mmoja awashe kutoka humo taa ya chemli na kuibeba nyuma ya mshumaa. Upepo ukiuzima, mnauwasha tena kwa moto uleule uliobarikiwa, wala hamhitaji kutafuta kiberiti gizani. Shemasi atembee taratibu, asimame mara tatu: mlangoni, katikati ya kanisa na mbele ya altare. Waumini wakipokezana moto, mshumaa unaowaka usimame wima na usiowaka ndio uinamishwe. Kinyume chake nta hudondoka mikononi mwa watu.

Na msianze kabla giza halijaingia. Mkesha ni ibada ya usiku. Kwetu saa moja na nusu inafaa.

Njia ya Msalaba tuifanye saa ngapi Kwaresima ikikutana na Ramadhani?
*Katekista, Wete*

Anzeni saa kumi alasiri, mmalize kabla ya saa kumi na moja na nusu. Ikikaribia magharibi watu huenda kufuturu na daladala hupungua, na wazee wenu watabaki kituoni. Vipaza sauti vya nje vizimeni.

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa 5 Machi, Ramadhani ikiwa imeshaanza. Mwaka 2027 itakuwa 10 Februari, na zinatarajiwa kukutana tena. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, hivyo mwaka 2028, Majivu yakiwa 1 Machi, Ramadhani inatarajiwa kuwa imeshapita na mtaweza kurudi kwenye saa yenu ya zamani.