Swali la Lugha: Kinu au Shinikizo?

SWALI: Natafsiri maelezo ya picha za mawe ya kale yaliyotumika kutengenezea mafuta ya zeituni na divai. Jiwe la duara nimeliita kinu, lakini mwenzangu anataka yote yaitwe shinikizo. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa jiwe la duara, wewe. Kwa picha nyingine huenda akawa mwenzako, maana zeituni hupita mikono miwili kabla ya kutoa mafuta.

Kwanza zinapondwa. Kapernaumu, kando ya Ziwa la Galilaya, yamebaki mabeseni ya mawe meusi ya volkano, na ndani yake gurudumu la jiwe lililozungushwa juu ya zeituni, kokwa na yote. Hicho ni kinu bila ubishi. Rojo lake halafu hutiwa katika vikapu, vikapu vikapangwa kimoja juu ya kingine, vikagandamizwa kwa boriti ndefu iliyoning'inizwa mawe mazito yenye matundu. Hapo ndipo penye shinikizo. Katika magofu ya Ekroni, mji wa Wafilisti, imepatikana mitambo zaidi ya 100 ya karne ya 7 KK, na mpangilio wake unamaliza ubishi wenu: beseni la kupondea katikati, mashinikizo mawili ubavuni.

Naelewa kwa nini kinu kilikujia upesi. Pwani yetu mafuta ya ufuta yalishindikwa katika kinu kilichozungushwa na ngamia, mchi ukiponda na kukamua humo humo. Chombo kimoja, jina moja. Kwa zeituni vyombo ni viwili, basi na majina yawe mawili.

Divai ina habari yake. Zabibu hazihitaji kinu. Zilikanyagwa kwa miguu kwenye sakafu iliyochongwa mwambani, maji yake yakatiririka hadi kwenye birika la chini. Ndiyo maana katika Isaya 5 mwenye shamba "anachimba" shinikizo, kitenzi kinachomshangaza anayedhani shinikizo lazima liwe mashine. Chini ya picha kama hiyo andika "shinikizo la zabibu", na usiache "la zabibu", kwa sababu siku hizi shinikizo likisimama peke yake linakwenda moja kwa moja kwenye damu au siasa.

Kitenzi je? Kushindika kwa mafuta ni kuzuri mno, na kwa nini tukiache kife? Kusindika mimi ningekiepuka hapa: kamusi zinakikubali, ila kimekwisha kuhamia viwandani, kwenye samaki, maziwa na korosho, na msomaji ataona mabati na mabomba mahali penye jiwe. Kwa zabibu, kanyaga na kamua zinatosha.

Na kama picha inaonyesha masalia ya zeituni yaliyokwisha kukamuliwa, hayo ni mashudu, kama ya ufuta au alizeti. Maganda ya zabibu yaite makapi.