Kiu Isiyoisha, na Mama wa Honduras

Wiki iliyopita dada mmoja aliyeingia Houston kwa bahati nasibu ya grini kadi aliniandikia: "Dada, usiku naamka mara 5 kukojoa, kiu haiishi, ila kliniki naogopa wasije wakaniharibia karatasi." Siku hiyohiyo nilikuwa nimepokea cheti changu cha uhudumu wa afya ya jamii, kazi ambayo Walatino, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, hapa Texas huiita promotora. Sikulala, kwa furaha na kwa hasira.

Maneno yale niliwahi kuyasikia jikoni hotelini, kwa mama wa Honduras niliyeosha naye vyombo. Sukari ilikuwa inamla kimyakimya. Kila jioni alivua viatu, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale. Nikimwambia hospitali, anasema baadaye. Nikamwona mzembe, na hilo linaniuma mpaka leo.

Hakuwa mzembe. Hakuwa na karatasi, hivyo Medicaid ya kawaida, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na soko la bima lililoletwa na sheria ya Obama ya 2010 havikumhusu. Hata sisi wenye grini kadi, wengi wetu sheria ya 1996 inatufungia Medicaid miaka 5 ya kwanza. Texas ilikataa kuipanua Medicaid, na ndiyo inayoongoza Marekani kwa wasio na bima, wengi wao Walatino. Kisha 2019 serikali ikatangaza kwamba anayetumia baadhi ya misaada anaweza kunyimwa ukaazi. Kanuni ile ilifutwa 2021, lakini woga ulishaingia majumbani: kuna wazazi waliowatoa kwenye bima hata watoto wao waliozaliwa hapa, raia kamili.

Figo zake zilipofeli nilimsindikiza. Sheria ya 1986 inaibana hospitali imtulize mgonjwa wa dharura, basi. Mwenye bima husafishwa damu mara 3 kwa wiki. Yeye alirudishwa nyumbani asubiri mpaka potasiamu, chumvi ambayo figo hushindwa kuitoa, ipande kwenye damu au pumzi imkatike, ndipo apokelewe tena. Aliyemtafsiria daktari alikuwa mwanawe wa miaka 10. Daktari alisema figo zimekufa. Mtoto akanyamaza, akaangalia viatu vyake, kisha akamwambia mama yake amechoka tu, apumzike. Kihispania changu cha jikoni kilitosha kuelewa. Sikufungua mdomo.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wewe unayesoma, nenda mapema. Tafuta kituo cha afya cha jamii kinachopata ruzuku ya serikali kuu: unalipa kulingana na kipato, na hawakukatai kwa kukosa pesa. Pima sukari, pima presha. Nenda mapema, narudia. Dai mkalimani, ni bure, na usikubali mwanao afanywe mkalimani. Habari za karatasi muulize mwanasheria wa uhamiaji, siyo kundi la WhatsApp. Walatino wamelipia woga huu kwa figo na macho yao, tusiurithi.

Jumatatu yule dada alikwenda. Mapokezi walimuuliza lugha, akasema Kiswahili. Wakapiga simu, na upande wa pili sauti ya mama ikaitikia: "Haya mwanangu, nieleze, kiu imeanza lini?"