Mchomo wa kinena ukiwa mjamzito sio chango jamani

Mimba yangu ya pili ilivyoingia mwezi wa tano, nikiwa hapa hapa Nkuhungu, Dodoma, ukaanza mchomo mmoja wa ajabu, ukipiga chafya au ukijigeuza kitandani haraka basi kinena cha kulia kinachoma mpaka unatafuta pa kushika. Mama mkwe akasema chango hilo, jirani akaleta mizizi. Nesi wa kliniki hata hakushtuka, alipitisha kidole toka ubavuni mwa tumbo kushuka mpaka kinenani, akasema "hii ndo njia yake, ligamenti inavutika".

Iko hivi. Ligamenti ni kamba imara za mwilini zinazokishika kizazi, na ziko mbili za mviringo, kila upande moja, zinaanzia juu ya kizazi karibu na mirija, zinapita kinenani zinaenda kuishia kwenye mashavu ya uke. Kizazi kitupu kina gramu 60 hivi, mimba ikikomaa chenyewe tu, mtoto hujamhesabu, kinafika kama kilo 1, sasa zisivutike kwa nini? Na kikikua kinajizungusha kidogo kuelekea kulia, ndo maana wengi wanaumia upande huo. Ukitaka kukohoa kunja magoti kwanza, kitandani lala ubavu ndo uamke, taratibu. Ila maumivu yakija na damu, homa, maji kutoka au tumbo kukaza na kuachia, hiyo sio ligamenti, wahi hospitali.

Sasa hizo za mviringo zenye kelele ya maumivu wala sio zinazobeba mzigo, zenyewe zinasaidia kizazi kiinamie mbele basi. Kuna nyingine inaitwa ligamenti pana, hiyo ni utando umekifunika kizazi kama khanga kwenye kamba, na mishipa ya damu inapita humo. Ligamenti zinazobeba mzigo wenyewe ziko chini kwenye shingo ya kizazi, zingine zinaenda pembeni kushika ukuta wa nyonga, zingine zinarudi nyuma mpaka mfupa wa chini ya mgongo, halafu chini ya zote kuna misuli ya nyonga. Hizi zikilegea hupigi kelele, unasikia tu uzito ukeni ikifika jioni, mkojo unatoka ukicheka, kumbe kizazi kinashuka.

Na sisi wa huku maji yakikatika mzazi wa wiki mbili anatwishwa ndoo ya lita 20, hizo ni kilo 20 na mwili haujarudi! Wiki 6 za mwanzo mwachieni baba watoto na toroli lake. Ukipata nafuu bana misuli ya chini kama unazuia mkojo, sekunde 5, achia, mara 10, asubuhi mchana na jioni, ila usifanye wakati unakojoa kweli. Kufunga tumbo kwa kitambaa na kunywa dawa za chango hakukazi kitu hapo. Na ukiona kinyama kimejitokeza ukeni usiende kuchuliwa tumbo, nenda ukapimwe, kuna pete ya mpira inawekwa ndani inakishikilia kizazi, sio kila mtu anaishia kupasuliwa.