Wajane wote wamekuwa wapweke, au swali ndilo bovu?

SWALI: Daktari, mimi ni afisa ustawi wa jamii huku Rungwe. Nawahoji wazee wa miaka 60 na kuendelea kwa yale maswali matatu ya kupima upweke. La kwanza tulilitafsiri "Ni mara ngapi unajisikia huna mwenza?" Wajane karibu wote wanajibu "mara nyingi", halafu mawili yaliyobaki wanasema "namshukuru Mungu". Nijumlishe alama hivyohivyo?

JIBU: Hapana, usijumlishe kwanza. Kilichokuponza ni hilo neno "mwenza". Kipimo hicho kilifupishwa mwaka 2004 kutoka kile cha maswali 20 cha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na swali lake la kwanza linahusu kukosa mtu wa kuwa naye karibu. Bibi wa Tukuyu akisikia "mwenza" anamkumbuka marehemu mumewe. Amekujibu kweli tupu, ila ya swali jingine.

Jaribu "mtu wa kukaa naye mkazungumza". Wasomee wazee watano au sita wasiomo kwenye sampuli yako, kisha kila mmoja akueleze kwa maneno yake umemuuliza nini. Kwa wanaozungumza Kinyakyusa, tafsiri iandikwe mapema. Usimwachie mjukuu akutafsirie papo hapo. Bibi hawezi kusema anajiona ametengwa mbele ya yuleyule anayemtengea chakula.

"Namshukuru Mungu" ni adabu, jibu bado. Ipokee, tulia, kisha msomee tena machaguo: mara chache sana, wakati mwingine, mara nyingi. Alama ni 1 hadi 3 kwa kila swali, jumla 3 hadi 9. Wengi huhesabu 6 na kuendelea kuwa upweke, lakini mstari huo haukuchorwa Rungwe. Mimi ningeonyesha na wastani.

Tena usihesabu vichwa nyumbani ukadhani umepima upweke. Nimewahi kukaa jikoni kwa bibi mmoja, wajukuu watano wanamenya ndizi, redio inaimba. Akaniambia nao huongea ya shule na chakula tu, ya moyoni hana wa kumwambia. Ukitaka kupima mtandao wa ndugu na marafiki, kipo kipimo cha Lubben cha maswali 6, alama 0 hadi 30. Chini ya 12 ni hatari ya kutengwa. Viweke safu mbili tofauti.

Majibu ya zamani ya swali la kwanza usiyachanganye na mapya. Warudie wazee hao kwa yote matatu, na safari hii andika pembeni nani mwingine alikuwepo.