Nyuzi za raketi na kiwiko kinachouma

SWALI: Nina umri wa miaka 46 na hucheza tenisi mara tatu kwa wiki. Miezi minne iliyopita niliacha nyuzi za nailoni nikafungiwa za poliesta kwa mkazo wa pauni 58, kwa kuwa ndizo wanazotumia wachezaji wakubwa. Sasa kiwiko kinaniuma hata ninapoinua birika, na mipira yangu inaishia katikati ya uwanja. Je, fundi amekosea? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Fundi ametimiza agizo lako, ingawa ningependa angalikuuliza maswali mawili matatu kabla ya kukata nyuzi za zamani, hasa kuhusu umri na mkono wako. Poliesta ni ngumu na hainyumbuki sana mpira unapoigonga, kwa hiyo mtikisiko ambao nailoni ingeumeza hupita kwenye fremu na kuishia kiwikoni.

Nyuzi hizi zilijipatia sifa mwaka 1997, Gustavo Kuerten wa Brazil alipotwaa ubingwa wa Ufaransa jijini Paris akitumia nyuzi za poliesta za Luxilon, kampuni ya Ubelgiji. Siri ya nyuzi hizi ni utelezi: mchezaji anapousugua mpira kutoka chini kwenda juu, nyuzi za wima husogea kando, kisha hurudi mahali pake kwa kasi na kuuzungusha mpira zaidi. Faida hiyo, hata hivyo, humfikia mwenye mkono wa kasi, tena haidumu, maana poliesta hulegea na kufa kitambo kabla ya kukatika. Wachezaji wa kulipwa hawaisikii hasara hiyo, kwa sababu huingia uwanjani na raketi kadhaa zilizofungwa upya. Wewe itazame yako: ikiwa nyuzi za wima zimepinda na hazirudi zenyewe baada ya pigo, zimekwisha, hata kama hakuna hata moja iliyokatika.

Kuhusu mipira kuwa mifupi, sababu kubwa ni mkazo. Aliyewahi kulalia kitanda cha kamba anajua tofauti ya kamba zilizokazwa jana na zile zilizolegea kidogo. Raketi nayo ndivyo ilivyo, kwani nyuzi zilizolegea kiasi huupokea mpira, huzama nao, kisha huurusha mbali, ilhali zilizokazwa mno humtaka mchezaji atoe nguvu zote yeye mwenyewe. Ningekushauri urudi kwenye nailoni, ile iliyosokotwa kwa nyuzinyuzi nyingi nyembamba, kwa pauni 52, yaani karibu kilo 23.6, kisha upandishe au ushushe pauni mbili kila unapofunga upya hadi mkono uridhike. Nyuzi za utumbo wa ng'ombe ndizo laini kuliko zote, lakini bei yake ni kubwa na unyevu huziharibu. Kwa hewa ya pwani, mimi nisingezinunua. Kwa desturi ya mafundi, idadi ya siku unazocheza kwa wiki ndiyo idadi ya kufunga upya kwa mwaka. Kwako ni mara tatu, na hicho ni kiwango cha chini. Pumzisha mkono kwanza, na maumivu yakiendelea, umwone daktari.

SWALI: Uzi mmoja ukikatika, je, naweza kuunga huo tu ili kupunguza gharama? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Uzi ukikatika, mkazo huwa mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili, na fremu inaweza kupinda au kupata ufa. Kata nyuzi zote siku hiyo hiyo, ukianzia katikati na kuelekea pembeni, wima na mlalo kwa kupokezana, ili fremu ilegee sawasawa. Raketi tupu inaweza kumsubiri fundi hata mwezi mzima bila kudhurika, mradi usiiache ndani ya gari juani.