Spesi 40 hazitaifikisha anwani yako kulia

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sioni, natumia Word na NVDA, programu inayonisomea skrini. Nimeandika barua ya kuomba uhamisho na anwani yangu nimeisogeza kulia kwa spesi 40 kila mstari, kama tulivyofundishwa. Nikiisoma nasikia iko sawa. Lakini karani ameirudisha, anasema anwani haijafika hata katikati ya karatasi na mistari yake haijalingana. Nipige spesi ngapi? Na pambizo napangaje bila kuona?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Pole na usumbufu. Hakuna idadi ya spesi nitakayokupa, kwa sababu hakuna idadi iliyo sahihi, na aliyekufundisha 40 amekubebesha kosa ambalo nimelikuta kwa wanafunzi wangu wengi mno.

Hebu tupige hesabu. Ukiandika kwa Times New Roman, saizi 12, spesi moja ina upana wa pointi 3. Spesi 40 ni pointi 120, yaani sentimita 4.23. Pambizo ya kushoto ambayo Word huja nayo ni sentimita 2.54. Jumlisha, anwani yako inaanzia sentimita 6.77 kutoka ukingo wa karatasi, na karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Nusu yake ni 10.5. Karani hakukuonea. Ili ufike panapotakiwa, yaani sentimita 10 kutoka kwenye pambizo, ungehitaji spesi 94 au 95, na ukibadilisha mwandiko uwe Calibri saizi 11, zinakuwa 114. Nani atahesabu 114 mstari baada ya mstari asikosee?

Ile 40 ilitoka kwenye mashine ya chapa. Katika mashine ya kawaida ya zamani kila herufi ilichukua upana uleule, herufi 10 kwa inchi moja, iwe i au m. Nafasi 40 zilikuwa inchi 4 kamili, sentimita 10.16, na anwani ilikaa kulia vizuri kabisa. Sisi tuliosoma kwa nukta nundu tuliipokea kanuni hiyo bila shaka yoyote, kwa kuwa mashine ya Perkins, ile ya kuandikia nukta nundu, nayo inakwenda hivyohivyo: kila herufi seli moja, kila nafasi seli moja, na ukihesabu umefika. Mkono ukishazoea kuhesabu seli, unahesabu na kwenye kompyuta. Lakini katika Times New Roman herufi m ina upana unaokaribia mara tatu ya i, na spesi ni nyembamba kuliko hata hiyo i. Kuhesabu hakukupi kipimo tena.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba sikio halikuonyi. Ukisoma mstari kwa mshale wa chini, kisoma skrini kinaruka spesi zote na kukutajia maneno tu, ndiyo maana ulisikia barua iko sawa. Nenda kwenye mstari wa kwanza wa anwani, bonyeza Home, kisha sogea kwa mshale wa kulia, herufi moja moja. Utasikia spesi, spesi, spesi, mpaka uchoke. Fanya hivyo kwenye mstari wa pili na wa tatu, utakuta pengine una 39 hapa na 41 pale. Kidole kiliteleza tu, na hapo ndipo mistari ilipopishana.

Sasa tuirekebishe. Futa anwani yote uiandike upya, mistari minne haichoshi, kila mstari uanze mwanzo kabisa bila spesi hata moja. Ichague yote kwa Shift na mshale wa chini. Bonyeza Alt uachie, kisha H, kisha P, kisha G, moja baada ya nyingine. Linafunguka dirisha la aya. Bonyeza Alt na L, andika 10 cm, pamoja na hizo herufi cm, kwa sababu huenda Word yako inapima kwa inchi na ukiandika cm itaelewa. Kabla hujatoka bonyeza Alt na F uandike 0, maana Word mpya huacha nafasi chini ya kila aya na anwani yako itaonekana imetawanyika. Kisha Enter. Anwani yote imeingia ndani sentimita 10 kutoka kwenye pambizo, kila mstari umeanzia palepale, na itabaki hapo hata ukibadilisha mwandiko au saizi. Ukifika kwenye anwani ya mkurugenzi unayemwandikia, ambayo inakaa kushoto, bonyeza Ctrl na Q, aya itarudi kwenye pambizo.

Wapo watakaokwambia achana na hayo yote, bonyeza Ctrl na R. Usifanye hivyo kwa anwani. Ctrl na R inalinganisha miisho ya mistari upande wa kulia, kwa hiyo mianzo yake inakuwa vipandevipande, fupi na ndefu, na karani atakurudishia tena. Wengine watasema piga Tab mara 8. Hiyo kidogo ina mantiki, kwa sababu vituo vya Tab ambavyo Word huja navyo vimepishana kwa sentimita 1.27, na 8 vinakupa 10.16. Lakini bado unahesabu, na jina la shule likiwa refu likamwagika mstari wa pili, hilo neno la pili linakimbilia kushoto kabisa chini ya hewa.

Tab ina kazi yake halali, nayo ni kuweka vitu viwili kwenye mstari mmoja. Chukua mstari wa mwisho wa barua yako, sahihi upande wa kushoto na tarehe kulia. Ukiwa kwenye mstari huo fungua dirisha lilelile la aya, bonyeza Alt na T. Linakuja dirisha la vituo, na tayari uko kwenye sehemu ya kuandika kipimo. Kwa A4 yenye pambizo za 2.54 kila upande, eneo la maandishi lina sentimita 15.92, kwa hiyo andika 15.92 cm. Alt na R ili maandishi yaishie hapo upande wa kulia, Alt na S kukiweka kituo, halafu Enter. Sasa andika Sahihi, piga Tab mara moja tu, andika Tarehe. Ukitaka nukta zijichore zenyewe kati ya maneno hayo mawili, bonyeza Alt na 2 kabla ya ile Alt na S. Usikae unapiga nukta moja moja kwa mkono. Nukta nazo ni spesi zilizovaa nguo nyingine.

Pambizo hazina ugumu. Alt, P, M, A, unaingia kwenye dirisha lenye juu, chini, kushoto na kulia, unapita kwa Tab na kuandika vipimo. 2.54 inatosha, ila kama barua itatobolewa na kuingia kwenye jalada, kushoto weka 3.5 ili tundu lisile maneno, na kile kituo cha Tab ukipunguze kiwe 14.96. Hakikisha tu karatasi ni A4. Kompyuta nyingi huja na karatasi ya Kimarekani, ambayo ni pana kidogo na fupi zaidi, na vipimo vyote nilivyokupa vitasogea.

Halafu kagua mwenyewe. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, maana wengi hawakufundishwa kabisa. Bonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida ni Insert) pamoja na Ctrl na D, weka alama kwenye taarifa za uingizaji wa aya. Kuanzia hapo ukishuka kwa mshale, kila aya inapobadilika utatajiwa imeingia ndani kiasi gani. Wanaotumia JAWS, kisoma skrini kingine, wakiwa ndani ya Word wabonyeze Alt na Delete, watatajiwa umbali wa kishale kutoka ukingo wa karatasi. Kutoka ukingo, si kutoka kwenye pambizo. Kwa hiyo anwani uliyoingiza sentimita 10 itasomwa 12.54, na hilo ni sahihi, usianze kurekebisha kisichoharibika.

Mimi nimeshachoka na wanaowaambia wasioona kwamba mpangilio wa barua ni kazi ya macho, ninyi andikeni tu, mkifika steshenari kijana atawapangia. Kijana wa steshenari ana foleni mlangoni. Ataongeza spesi mpaka kwake pakae sawa, au atachora kisanduku cha maandishi na kukiburuta kulia kwa mausi. Kwenye karatasi kinapendeza. Lakini kisanduku kile kinaelea nje ya mtiririko wa barua, ukishuka kwa mshale unakipita bila kukisikia, na siku ukitaka kubadilisha namba ya S.L.P. utaitafuta anwani yako mwenyewe na usiipate. Nimekaa na mtu mzima, mwajiriwa wa miaka mingi, akinisomea barua yake kutoka juu hadi chini na kuniapia kwamba anwani imefutika. Ilikuwepo, ndani ya kisanduku alichowekewa na msamaria mwema.

Na wale wanaofundisha kompyuta kwa malipo, wakawapa watu karatasi ya vibonyezo na idadi za spesi bila hata siku moja kutaja sentimita, hao ndio wanaotuletea barua zinazorudishwa. Mkipata mwalimu wa namna hiyo mwulizeni swali moja: hii spesi 40 ni sentimita ngapi? Akishindwa kujibu, tafuteni mwingine.

Barua yako ikishakaa, bonyeza F12 uihifadhi kama PDF, na hiyo ndiyo uipeleke kuchapishwa. Kompyuta ya dukani ikikosa mwandiko wako haitaweza kuivuruga, na kijana hatakuwa na pa kuburuta kisanduku. Ile ya Word baki nayo, maana barua ya kufuatilia uhamisho utaiandika humohumo.