Kile kikofia (^) siyo kipeo kwenye JavaScript

Kama unaandika JavaScript na mkono wako umezoea Excel, naomba hii usiipite, maana mimi iliniumiza kwenye hela za watu. Kikoba cha mtaani kwetu waliniomba kikokotoo cha madeni, mkopo laki 5, riba asilimia 2 kwa mwezi na usipolipa riba inazaa riba, basi nikaandika vilevile ninavyoandika kwenye Excel:

500000 * 1.02 ^ 12

Ikaleta 510012. Haikugoma, hakuna maandishi mekundu, nikaona namba imekaa vizuri nikawatumia. Mama mhazini, ambaye hesabu zake ziko kwenye daftari, akaniita, "mwanangu, mwezi wa kwanza tu deni ni 510,000, sasa hiyo miezi 11 yote imezaa shilingi 12?"

Kumbe kwenye JavaScript ^ haipandishi kipeo kabisa, inalinganisha biti (zile 0 na 1 ambazo kompyuta inaandikia namba) za namba mbili, ndo ile XOR, na kuzidisha kunatangulia, kwahiyo ilipata 510000 kwanza halafu ikazichanganya biti zake na za 12. Jaribu 5 ^ 2 kwenye konsoli ya brauza, utapata 7, siyo 25. Kinachonitisha ni kwamba jibu linafanana na kweli.

Kipeo ni nyota mbili:

500000 * 1.02 ** 12

Hapo unapata 634,120 na ushee. Nyota mbili zimekuja na ES2016, toleo la JavaScript la mwaka 2016, zamani ilikuwa Math.pow(1.02, 12) na bado inafanya kazi, ila nyota zinasomeka haraka.

Angalia pia namba hasi, -2 ** 2 inakataliwa, andika (-2) ** 2. Na 2 ** 3 ** 2 inaanzia kulia, ni 512 siyo 64, mimi naweka mabano tu hata pasipo na ulazima. Vipeo vikubwa navyo, ukishafika 2 ** 53 ukijumlisha 1 namba haisogei, inabaki 9007199254740992 ileile, hapo weka n mbele ya namba, mfano 2n ** 64n, ndo BigInt, aina ya namba kamili kubwa, lakini Math.pow hizo zenye n haizipokei.

Kabla ya kuwarudishia kile kikokotoo nilikaa na mama na daftari lake, tukapiga mwezi mmoja mmoja, 510,000, 520,200, 530,604, yeye anasoma mimi nabonyeza, mpaka wa 12 ndo akaniambia haya, wapelekee.